Friza ya Kamunyonge

Nyangeta, mama,

Kesho alfajiri utapanda basi la Mwanza, kutoka hapo utapanda ndege, na baada ya hapo mimi njia siijui tena. Sasa hivi ni saa tisa mchana. Wewe na mama yako mko Mwisenge kwa fundi anayepunguza magauni yako, nami nimebaki na nyumba. Habari za koti, pasipoti na kupiga simu ukifika, mama yako ameshakuambia mara tatu, na ya nne atakuambia stendi. Mimi nina jambo jingine. Nimekaa nalo tangu ulipokuwa darasa la nne, na wiki iliyopita nimeliona likianza upya kwenye kituo chenu.

Unakumbuka jioni ile, wiki mbili zilizopita, ulipotueleza unakwenda kusoma nini hasa miaka minne. Mama yako alikuwa anasafisha samaki, furu wadogo, kwenye beseni, wewe umekaa kwenye ngazi ya jikoni. Ulisema kila seli ya mwili inajisafisha yenyewe: inakusanya vipande vyake vilivyochakaa, inavifunga kama kwenye kifuko, inavimeng'enya, kisha kinachofaa inakitumia tena. Ikishindwa kazi hiyo, taka zinabaki ndani, mwili unadhani umevamiwa, unawasha moto wa kujilinda ambao hauzimiki, na sukari na mafuta navyo vinapoteza njia. Ndipo figo zinakufa, ndipo ini linakufa. Ulisema kituo kinachojengwa upande wa Butiama kitakuwa cha kwanza huku kwetu kuchunguza mambo hayo matatu kwa pamoja, na ukirudi, maabara itakuwa mikononi mwako. Nilijivuna, mama. Nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu mengine yote hayatafanana na majivuno.

Kisha ukanigeukia ukasema, "Baba, watu wa Bukima wanakuamini. Ukiwaambia watoe damu, watatoa."

Nilinyamaza. Ulidhani nimechoka, ukaniletea maji ya kuoga.

Sasa nakueleza kwa nini nilinyamaza.

Mwaka ule wewe uko darasa la nne, mimi nilikuwa fundi wa maabara hospitalini. Walikuja watafiti, wengine kutoka Dar es Salaam, wengine wazungu, wakitaka kujua kwa nini watu wa vijiji vya ziwani wanavimba miguu na kufa kwa figo wakiwa bado na nguvu za kulima. Walinichukua mimi kwa sababu najua kutoa damu bila kuumiza na ni mzaliwa wa Bukima, kimojawapo cha vijiji hivyo. Walipanga nyumba hapa Kamunyonge, mtaa wa pili kutoka kwetu, wakaweka friza kubwa na jenereta nyuma ya nyumba. Damu ikitolewa kijijini ilikuwa inazungushwa kwenye mashine, ule ute wa juu unatiwa kwenye vichupa, vichupa vinaingia friza kusubiri kusafirishwa. Ufunguo wa nyumba ile nilikuwa nao mimi.

Watu wa Bukima walikataa. Wewe ulikuwa mdogo, hukusikia yaliyosemwa. Walisema damu inakwenda kuuzwa, walisema ni mambo ya freemason, mzee mmoja wa kanisa akasema waziwazi kwamba Magesa amenunuliwa. Siku ya kwanza nilikaa na sindano zangu chini ya turubai mpaka mchana, hakuna mkono hata mmoja.

Aliyekuja ni shangazi yako Nyanjura. Alitoka kwenye vichanja vyake vya dagaa, mikono inanuka, akakaa kwenye kiti changu mbele ya watu wote akakunja mkono wa gauni. Akawaambia, "Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akininyonya damu, atakuwa anamnyonya mama yake." Watu wakacheka. Baada yake wakaja kumi, kesho yake wakaja wengi. Kila mmoja nilimwahidi kwa mdomo wangu kwamba atapata majibu yake, kwa karatasi yenye jina lake. Hilo la majibu ndilo lililowaleta. Utafiti hawakuujua, ila kila mtu alitaka kujua kama atakufa.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Ijumaa moja nilikwenda Butiama kwenye harusi ya binti wa binamu yangu. Wewe na mama yako mlibaki kwa sababu ulikuwa na surua. Kabla ya kuondoka nilijua dumu la dizeli ni tupu. Wiki ile nililiazimisha kanisani, kwaya walikuwa na mkesha na umeme ulikuwa unasumbua, wakalirudisha halina kitu. Nilisema nitalijaza Jumatatu. Umeme haukuwahi kukatika siku mbili mfululizo, ndivyo nilivyojiambia.

Ulikatika Ijumaa hiyo hiyo jioni. Kule Butiama nilikuwa nakula pilau, nikasikia mgeni mmoja akisema Musoma yote, hata kwetu Kamunyonge, ni giza. Nilisikia vizuri, mama. Nikaendelea kula, nikacheza, nikalala kule mpaka Jumapili jioni.

Jumatatu asubuhi nilipofungua ile nyumba nilikanyaga maji. Umeme ulikuwa umesharudi na friza inanguruma kama hakuna kilichotokea. Nilifungua nikakuta vichupa vimeganda tena, lakini vingine vimelala upande na kugandia hivyo hivyo, barafu imefanya kilima chini. Mtu yeyote wa maabara akiona vile anajua: vimeyeyuka, vimekaa na joto letu hili siku mbili, vimegandishwa upya. Vimeharibika.

Nilichukua tambara nikakausha sakafu. Vile vichupa nilivisimamisha kimoja kimoja. Halafu nikakaa mbele ya karatasi ya joto, ile inayobandikwa kwenye mlango wa friza, ambayo kila siku asubuhi na jioni unaandika joto na kuweka sahihi. Nafasi za Ijumaa jioni mpaka Jumapili zilikuwa wazi. Nilizijaza. Nilitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili isionekane zimeandikwa kwa wakati mmoja. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba mkono ulikuwa mtulivu kabisa.

Utaniuliza kwa nini. Daktari aliyetuongoza alikuwa mkali. Mwezi mmoja kabla alimfukuza dereva mbele yetu sote kwa kosa la kuchelewa na boksi la barafu, akamwambia akawapotezee watu wengine muda. Mimi nilimwogopa mtu yule. Nilikuwa na wewe, na ndugu zako, na jina zuri hospitalini. Nilijiambia pia kwamba labda havikuharibika vyote. Maneno ya namna hiyo yanakuja yenyewe, huhitaji kuyatafuta.

Vichupa vilisafiri. Baada ya miezi majibu yakarudi, kila mtu na karatasi yake, nami nikapewa kazi ya kuzigawa Bukima. Karatasi nyingi zilisema hakuna tatizo lililoonekana. Wewe sasa unaelewa zaidi yangu ni kwa nini. Vile walivyokuwa wanavitafuta kwenye damu, dalili za ule moto wa ndani, vilikuwa vimeshaoza ndani ya vichupa. Kwa kuwa vilioza havikuonekana, na kwa kuwa havikuonekana iliandikwa havipo. Watu walipiga vigelegele. Walinipa samaki mpaka nikashindwa kuwabeba.

Shangazi yako alikuwa amekaa mlangoni kwake. Kusoma alikuwa anasoma taratibu, kwa hiyo alinipa karatasi nimsomee. Miguu yake ilikuwa imenyooshwa kwenye mkeka. Nilipokuwa nainama kuchukua karatasi nilimgusa mguu kama utani, nikabonyeza kwa dole gumba, na shimo la dole likabaki pale. Halikujaa tena. Yeye hakuliona. Mimi niliona.

Akaniambia, "Daktari wa zahanati ananiambiaga niende Mwanza nikapime figo. Utafiti unasemaje?"

Nikasoma kilichoandikwa. "Imeandikwa hakuna tatizo lililoonekana."

Sikuongeza neno. Na nikijitetea mbele ya Mungu nitasema sikudanganya, nilisoma kama ilivyoandikwa. Alikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia. Mwanza hakwenda. Daktari wa zahanati alipomkumbusha alimwonyesha ile karatasi, na yule kijana angebishana vipi na karatasi ya wazungu.

Alikufa masika yaliyofuata. Wewe unakumbuka msiba, ulikuwa unachunga watoto wenzako nyuma ya nyumba. Yule daktari wetu mkali alikuja kutoa pole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema tumepoteza mtu aliyetufungulia mlango. Pale ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu kando ya gari lake. Nikamwambia asante kwa kuja.

Ndivyo ilivyokwisha, au ndivyo nilivyodhani. Hakuna aliyewahi kugundua. Wengine wawili niliowasomea karatasi walikufa miaka iliyofuata, na wengine wako hai hadi leo, na sijui nani alikufa kwa ajili yangu na nani alikuwa anakufa tu. Hiyo kutokujua ndiyo hukumu yangu. Sikupewa nyingine.

Sasa nakuja kwenye kituo chenu.

Baada ya jioni ile uliponiomba niwaite watu, sikulala vizuri siku kadhaa. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuambia nakwenda Bunda kumwona rafiki. Nilikwenda Butiama. Nilitaka kuona kwa macho yangu mnachojenga. Msimamizi wa ujenzi aliposikia mimi ni baba yako alinitembeza kila mahali kwa heshima. Pamejengeka, mama. Kuta nyeupe, madirisha makubwa, sehemu ya wagonjwa kusubiri ina mabenchi tayari. Lakini kwenye mabenchi tayari kulikuwa na watu. Akina mama kama ishirini, wazee, mmoja ametoka mbali kabisa kwa pikipiki na miguu imevimba. Nilimuuliza anasubiri nini. Akaniambia ameambiwa hapa inaletwa dawa ya kusafisha mwili kwa ndani, na wanaotoa damu mapema ndio watakaopewa kwanza.

Sijui nani amemwambia. Wewe siyo, najua. Lakini hakuna aliyekuwa anamwambia vinginevyo.

Damu zimeshaanza kuchukuliwa, za majaribio, walisema, kuzoesha mitambo. Nikaomba kuona chumba cha friza. Kuna dada mmoja pale, mpole, ana cheti kizuri kuliko changu. Jina lake sikuandikii, na utaelewa kwa nini. Friza ni mpya, inanguruma vizuri, na mlangoni kuna karatasi ya joto. Nilivaa miwani nikaisoma kwa mazoea tu.

Ilikuwa imejazwa mpaka Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida. Naye akanijibu bila wasiwasi wowote, "Mzee, hii mashine haisumbuagi. Joto ni lile lile kila siku, najaza wiki nzima naokoa muda."

Niliangalia mwandiko wake. Ulikuwa mtulivu, mama, mistari imenyooka. Nilimuuliza kama umeme ukikatika usiku atamwambia nani. Akatazama mlangoni kwanza kabla ya kujibu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba bosi hapendi kusikia matatizo, wageni wa ufadhili wanakuja mwezi ujao. Nikajua basi. Huyu siyo mzembe. Huyu anamwogopa mtu, na mtu huyo anawaogopa wengine, na chini yao wote kuna yule mama wa miguu kwenye benchi.

Sikumsema. Ningemsema kwa mdomo gani? Nilimwambia ajaribu kuandika kila siku kwa siku yake, akacheka kwa adabu.

Kwa hiyo ninachokuomba siyo kwamba umfukuze ukirudi, wala umripoti kwa simu kesho kutoka uwanja wa ndege. Ukimwondoa yeye, atakayekuja atajifunza kuficha vizuri zaidi. Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama ya dada yangu, ni kwamba mtu anayesema "vimeharibika" lazima abaki na kazi yake kesho yake asubuhi, na wenzake waone amebaki. Kama kwenye kituo chako haiwezekani kusema neno hilo, hizo kuta na mitambo ni bora zisingejengwa. Sisemi hivi kukufundisha, wewe una elimu. Nakuambia kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele ya ile karatasi, na najua ni neno gani lingenisimamisha. Kama siku moja kabla mtu angeniambia, "Magesa, likitokea lolote njoo uniambie, hutapoteza kitu," ningekwenda mbio.

Na majibu, mama. Usiahidi majibu usiyoweza kuyasimamia. Mgonjwa wa huku kwetu akipewa karatasi haiulizi mara mbili.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo linaloweza kukuumiza zaidi.

Jumapili nilikwenda Bukima. Nilimkuta Masatu, mtoto mkubwa wa shangazi yako, anashona nyavu nyuma ya nyumba. Nilikaa kwenye gogo nikamwambia yote, kuanzia dumu la dizeli. Hakunikatisha. Aliendelea kushona mpaka nilipomaliza, kisha akakata uzi kwa meno.

Akasema, "Mjomba, mama alikuwa anaisomaga ile karatasi kila Jumapili. Hata alipokuwa hawezi kukaa, alikuwa ananiambia nimshikie."

Nilikuwa silijui hilo.

Akaniuliza kama wewe unajua. Nikamwambia bado. Akasema, "Mwambie kabla hajaondoka. Na Jumamosi ijayo kuna mkutano wa kijiji kuhusu hao watu wa Butiama wanaotaka damu. Utakuja useme mbele ya wote, kama ulivyokuja ukaahidi mbele ya wote. Usipokuja, nitasema mimi."

Nimemwambia nitakwenda. Jumamosi wewe utakuwa umeshafika huko, na mimi nitasimama pale alipokaa shangazi yako. Sijui watafanya nini. Wanaweza kunisikiliza. Wanaweza kunifanya vibaya, sina wa kumlaumu. Nina hakika moja tu: hakuna mtu wa Bukima atakayekunja mkono wa shati kwa ajili ya kituo chenu baada ya hapo, labda kwa miaka mingi, na habari itafika Bunda na Butiama kabla ya jua kuchwa. Wafadhili wenu watasikia. Inawezekana unapokwenda kusomea kituo, mimi nakibomoa nyuma yako. Nimeligeuza hili kila upande nikitafuta namna ya kukulinda wewe na bado niseme kweli. Sikuipata. Kila namna ya kukulinda ilikuwa ni ile kalamu ya pili.

Mama yako anajua tangu Jumapili jioni. Ule ukimya wake mezani uliodhani ni uchungu wa safari yako, ni huu. Ananipikia, ananitengea maji, na hanitazami.

Nilikuwa nimepanga barua hii niitie kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshafika mbali na mimi niko salama huku. Nimeandika ukurasa wa kwanza nikiwa na mpango huo. Sasa nimebadili. Nawasikia mnaongea na jirani pale nje, mmerudi. Nitakupa mkononi, nawe usome hapa, mimi nikiwa nimekaa mbele yako.

Ukimaliza usinipe pole, wala usinikumbatie kwa haraka. Niulize, kama ambavyo ungemuuliza mtu yeyote aliyeharibu sampuli zako. Nitajibu kila kitu. Masatu hakuuliza mengi, na swali moja hasa hakuniuliza, nadhani aliniogopea: kama siku ile nilipokuwa namsomea mama yake karatasi, na dole langu lilikuwa limetoka tu kwenye mguu wake, nilijua kwamba anakufa.

Niulize hilo kwanza.

Baba yako,
Magesa